Aloo na Sampuli Namba Saba

Saado, wacha chenye unafanya. Aloo wetu ametuaibisha kazini leo.

Si unajua maabara yetu inapima odowa, yale mawe wamama wenye mimba hutafuna, tujue kama yana sumu ya madini ya risasi. Aloo ndiye alitumwa kuyanunua Kariobangi. Aloo, na mimba yake ya miezi saba.

Sasa Daktari Sabrin, mkubwa wetu, akafungua kabati ya sampuli. Paketi namba saba iko, lebo iko, mawe hakuna.

Akauliza nani amegusa. Aloo anaangalia dirisha, midomo nyeupe kama mtu amelamba ukuta.

Midomo nyeupe, Saado.

"Daktari, nilivunja kidogo tu. Ilikuwa inanukia mvua."

Kidogo. Robo kilo nzima.

Nikajua amefutwa. Yeye analia, ameshika tumbo, anauliza kama mtoto ako sawa.

Daktari hata hakugomba. Alimkalisha, akamtoa damu ya kupima, akabandua lebo kwa paketi akaibandika kwa chupa ya damu.

Namba saba ni Aloo sasa. Majibu ni Ijumaa.

Na tukitoka Aloo akaninong'oneza, eti namba nane bado iko kwa kabati?