Kidole Gumba cha Zuhura

Dada Mwajuma,

Ngoma ya mwanao nimeivunja mimi. Nakwambia mwenyewe, maana Kisarawe nzima ina la kusema, na wengine huongeza chumvi.

Zuhura anaolewa. Yule uliyemwacha hajaanza hata shule sasa amekupita urefu. Tulimweka ndani kumfunda, na somo wake ni Bi Tabu, yuleyule aliyetufunda sisi. Siku ya ngoma akamshika mkono mbele ya wanawake wote, akamkunja kidole gumba nyuma mpaka kikalala juu ya mkono. Akasema maneno yaleyale aliyokwambia wewe: "Huyu viungo vyake laini, atazaa bila jasho." Vigelegele!

Nikasimama, nikasema ngoma basi.

Unakumbuka tulivyovikunja vidole kuwatisha wenzetu? Ulikuwa ukiringa, "Sisi tumeumbwa kwa mpira." Kumbe ulegevu ule si wa vidole tu, Dada. Majuzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya macho, daktari akavitazama vidole vyangu, akauliza nani kwetu amekufa ghafla. Nikakutaja wewe na mimba yako kubwa, ukilia kifua kinachanika mpaka mgongoni. Akanipima, akanieleza. Ni ugonjwa wa kurithi, na mimi ninao. Nyuzi zinazoshikilia mwili ni dhaifu, na mshipa mkubwa unaotoka moyoni hutanuka. Mimba huuzidishia kazi, nao unaweza kuchanika.

Hukurogwa. Mke mwenzio walimfukuza bure!

Niliporudi, wazee wakaniambia ningoje kwanza harusi ipite. Ningoje nini? Basi nikayasema yote palepale ngomani. Bi Tabu akadai namtia mwali mkosi. Nikamjibu kwa adabu, ila sikupepesa macho: "Samahani Bi, dada yangu ulimsifu hivihivi, na mimi ndiye niliyemwosha."

Zuhura akajifunga khanga yake, akasema, "Mama mdogo, twende tukapime."

Mshipa wake umeanza kutanuka. Nimelia, sikufichi. Lakini amejua mapema, wewe hukupewa nafasi hiyo. Daktari hakumkataza kuolewa. Amempa dawa, na amesema asishike mimba kabla mshipa haujaangaliwa vizuri, na ikibidi asizae kabisa. Mchumba wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza dawa zinamezwa kabla ya chakula au baada. Nimempenda palepale. Mama yake amenuna, anataka mjukuu. Anune.

Harusi ni Ijumaa, nitavaa khanga yako ya kijani. Nakuahidi, kidole cha mwanao hakitapigiwa tena vigelegele. Atakayemsumbua kwa kumwuliza mtoto yuko wapi, aje kwangu Misugusugu, nitamjibu mimi.

Pumzika, Dada yangu. Wewe nilikuosha mimi. Zuhura simwoshi. Yeye ndiye atakayeniosha.

Mdogo wako,
Sikudhani