Nilisema Nashika Mikoba Yako

Zuhura wee,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, na kiti chenyewe kinanisuta. Ni Ijumaa mchana. Mtaa umeenda kuswali, maduka ya chini yameshusha milango nusu, na hata yule muuza mitandio anayetupigia kelele na spika yake kutwa nzima kaizima. Kelvin kaenda Posta kwa mteja. Niko peke yangu ofisini, na nimeona nikwambie mwenyewe kabla Ami yako hajakushitakia kwenye dua.

Nimekuaibisha, shosti. Nimekuaibisha mbele ya Baraza la Ardhi zima, na wewe hata arobaini yako ni juzi tu tumeisoma.

Ngoja nianze na habari za huku. Ofisi ipo. Kelvin ndiye anayeiendesha sasa, yule kijana uliyemlea toka hajui hata kufunga tai, na anaiendesha vizuri, sitamnyima haki yake. Ila hebu fikiria mambo yetu. Asubuhi ananikuta mezani ananiambia shikamoo dada, namjibu marahaba, halafu hapo hapo ananirudishia maombi niliyoandika kutwa nzima ya jana, kayajaza wino mwekundu. Nami namwambia asante baba, hebu nionyeshe tena pale pa kubofya ili kesi iingie kwenye mfumo. Maana siku hizi kesi hufunguliwa kwenye kompyuta, Zuhura, na mimi wa mihuri na foleni ya masjala nimeachwa kituoni. Mteja wa kwanza niliyempokea nilimwambia, "Suala lako nitalipeleka kwa menejimenti." Menejimenti gani, Kariakoo? Kelvin aliinama kutafuta kitu chini ya meza, akakaa huko huko mpaka kicheko kikamwisha.

Unakumbuka nilivyokuwa Arusha kwenye ile kampuni ya maua. Mwanasheria wa kampuni, kadi ya bima, gari la ofisi. Kesi ikija, namwita wakili, namwagiza la kufanya, na siku ya kusikilizwa nakaa benchi la nyuma na pochi yangu mapajani namtazama anavyotoka jasho. Akishinda, tumeshinda. Akishindwa, kashindwa yeye. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote ile, na jamani nilikuwa naipenda.

Kisha baba Ima akahamishiwa huku bandarini. Nikaacha kazi, tukapanga Upanga, na nikajikuta mama mzima natafuta kazi kama niliyemaliza chuo jana. Ofisi zote za mawakili nilizogonga waliniuliza swali lile lile, kwamba mara ya mwisho nilisimama lini mahakamani. Nikawa nachekacheka tu. Ni wewe peke yako hukuniuliza. Ulikuwa wodini wakati ule, mipira puani, na bado ulinipigia simu kunitukana. "Sabina, wewe umeshiba mshahara. Mwanasheria wa kampuni anampikia mume mmoja, anajua anapenda chumvi kiasi gani. Wakili ni mama lishe, kila anayekaa benchi ana njaa yake." Ukanihangaikia cheti changu cha uwakili nilichokiacha kikalala miaka, kila siku unauliza, umejaza? umepeleka? wamekujibu? Ukanituma kwa fundi wako wa Mtaa wa Sikukuu anishonee suti nyeusi, na ukampigia simu nyuma yangu kumwambia aachie nafasi kiunoni. Nilipata hasira siku ile! Leo nikiivaa naipiga busu.

Halafu ukamwambia Kelvin, "Kiti changu akikalie Sabina. Akileta aibu zake mkalishe kwa nguvu."

Ukafa. Nyinyi hamlazi maiti, nami siku hiyo nilikuwa nimerudi Arusha kufunga vyombo vya mwisho, kwa hiyo nilipofika ulikuwa umeshazikwa na wanawake wamekaa kwenye majamvi. Nililia na mkoba wa safari bado uko begani. Watu walidhani nalilia rafiki. Ni kweli, lakini sikukulilia wewe tu. Nilijililia na mimi, kwamba sasa nani atanishika mkono. Hilo nalo lilinitia haya hata pale pale kwenye jamvi.

Sasa sikia.

Unaijua kesi ya Ami Salim kuliko mimi, wewe ndiye uliyeifungua. Mwenye nyumba mpya anataka kubomoa ajenge ghorofa, na Ami anatakiwa atoke kwenye ile fremu ya duka la vitambaa aliyoianzisha baba yake. Ulimpatia zuio la muda ili dalali asije kumtolea majora barabarani. Baada ya msiba lile faili likabaki hapa, jina lako limeandikwa juu kuwa ndiwe wakili wake. Kelvin akanipa. Ami mwenyewe alikubali, akasema mtu wa Zuhura ni mtu wetu.

Siku ya kesi nilivaa suti yangu, nikafika mapema kuliko hata karani. Ami akaja na kanzu yake nyeupe, ananukia udi, tukakaa pamoja benchi la nyuma. Umeshaanza kuelewa? Benchi la nyuma, Zuhura! Kesi ikaitwa. Wakili wa mwenye nyumba akasimama kule mbele, akajitambulisha. Mwenyekiti akauliza, "Wakili wa mleta maombi yupo?"

Nami nikageuka nyuma kumtafuta.

Wallahi sikutanii. Niligeuza shingo nikatazama mlangoni nimuone wakili wetu anakuja, na moyoni nimeshaanza kumkasirikia kwa kuchelewa. Baraza lote likawa linanitazama mimi. Ami akanipiga kiwiko. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Si ndiye huyu aliyekuwa anatuuliza choo kiko wapi?" Watu wakaangua kicheko. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze na suti yangu.

Hilo la kucheka lingepita, watu wanacheka wanasahau. Lakini nikasimama. Na badala ya kusema mimi ni nani na nimekuja kwa ajili ya nani, nikatafuta mtu wa kujificha nyuma yake. Nikakupata wewe. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nashika mikoba ya Wakili Zuhura."

Unajua tunavyofanya. Wakili akikwama, mwenzake anasimama, anasema nashika mikoba ya fulani, kesi inasogezwa mbele, na fulani akipona malaria yake atakuja kuendelea. Maneno mepesi, kila asubuhi yanasemwa. Nami nikakusemea wewe, kama vile umebanwa na foleni ya Jangwani, kama vile Jumatatu utatokea unahema na mtandio umekukaa upande.

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti alikuwa anakujua, hata wajumbe walikuwa wanakujua. Akavua miwani, akaniambia taratibu, "Wakili, marehemu hana mikoba ya kushikwa. Wewe unasimama kwa ajili ya nani?" Jina langu, nililobatizwa nalo, halikutoka. Akanihurumia, akaahirisha kesi hadi Jumatatu hii, na zuio likaongezwa mpaka siku hiyo hiyo tu. Akasema Jumatatu atataka kumsikia wakili mwenye jina.

Tulirudi Kariakoo Ami kanitangulia mbele, hakugeuka. Akafungua duka, akampimia mteja kitambaa cha pazia, akampimia mwingine, mimi nimesimama pembeni ya majora nasubiri nitukanwe. Ningefurahi kutukanwa. Mwisho akaweka mkasi chini, akasema, "Sabina mwanangu, Zuhura nilimpokea mimi kaburini. Nilimlaza kwa mikono hii. Usinifufulie mtu mbele ya watu."

Nikalia mbele ya wateja. Naye macho yalikuwa yamemjaa machozi, akajifanya anakunja kitambaa. Halafu akaniambia kama jina langu linanishinda kulitaja, nimwambie kabla ya Jumatatu, atafute mwingine, na hataninunia. Atapanda hapa ofisini leo akitoka msikitini kuja kuchukua jibu.

Kelvin kajitolea kusimama yeye. Kaniambia kwa adabu zote, "Dada, wewe kaa pembeni yangu tu, uzoee." Nikaona raha, nisikudanganye. Usiku ule nililala vizuri. Asubuhi nikaamka najionea aibu kuliko ya barazani, maana nilijua nikikaa pembeni Jumatatu, nitakaa pembeni mpaka nizeeke, na nitakuwa na sababu nzuri kila mara. Leo nitamwachia Kelvin kwa sababu yeye anajua mfumo. Kesho nitamwachia kwa sababu kesi ni ya nyumbani kwenu na mimi ni mgeni.

Na kilichonichoma zaidi ni hiki. Watu wote waliosikia habari hii wananisamehe kwa ajili yako. Karani wa baraza kaniambia pole, alikuwa rafiki yako sana. Wanadhani niliteleza kwa huzuni. Nami nimekuwa naitikia, asante, asante. Haikuwa huzuni, Zuhura. Ilikuwa woga. Nilikutumia ukiwa hai, na ulipokufa nikakuchukua tena nikakuweka mbele yangu kama ngao. Mtu wa kumwambia hilo ni wewe tu, maana wewe ungecheka kwanza, kisha ungenifokea, kisha ungeniuliza nimekula.

Basi nimekaa hapa tangu adhana nasema kwa sauti maneno yale yaliyonishinda barazani, mimi ni nani na nasimama kwa ajili ya nani. Dirisha liko wazi, kama kuna mtu chini kanisikia, atajiju. Mara ya kwanza sauti ilikwama. Mara ya pili nikalia. Baadaye yakaanza kutoka kama maneno ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai.

Nasikia milango ya chini inafunguliwa. Watu wametoka msikitini, na zile kandambili zinazopanda ngazi ni za Ami. Nitamwambia faili linabaki kwangu. Sijui kama tutashinda, mwenye nyumba ana wakili mkali, na huenda nikapigwa vibaya. Nikipigwa, nitakuwa nimepigwa mimi.

Lala, shosti yangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Nitakuombea kwa dini yangu na Ami atakuombea kwa yenu, na mama yako nitakuwa naenda kumtazama. Lakini nakuahidi jambo moja, na usininunie kwa hilo. Jumatatu akiniuliza mimi ni nani, jina lako sitalitaja.

Sabina