Wametufungia Njia ya Makaburini

Bayou Clairette,
Louisiana.
14 Novemba 2019.

Mpendwa kaka Anatole,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Jeanette na watoto, na natumaini baridi ya huko Minnesota haijawashinda. Goti lako je? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba unamkwepa daktari. Acha utoto, nenda. Sisi huku ni wazima, ikiwa mtu mwenye hasira kama zangu anaweza kuitwa mzima.

Kamba mwaka huu hawakuwa kitu. Maji ya chumvi yamepanda mpaka nyuma ya nyumba ya shangazi Zulma, na ile mialoni yake yote imekauka imesimama. Supu ya sikukuu ya Watakatifu Wote niliipika kwa kuku wa dukani. Sisi, watu wa bayou, watu wa vijito na vinamasi, kuku wa dukani!

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Kaa chini nikueleze.

Siku hiyo ya sikukuu mimi na mjomba Ovide tulipakia chokaa, brashi na maua kwenye boti, tukaenda kupaka makaburi kama kila mwaka. Tulipofika kwenye mfereji wa kampuni ya mafuta, ule ambao Baba aliambiwa utakuwa wa kupitisha boti moja tu na leo ukimwita mtu wa ng'ambo hakusikii, tukakuta mnyororo umekatiza njia nzima. Upande wa pili, ndani ya boti mpya, amekaa Remy, mtoto wa jirani yetu Célestine, kavaa shati la kampuni.

"Mjomba, geuzeni tu," akasema. "Hapa ni ardhi ya kampuni."

"Hapa wapi?" akauliza Mjomba.

"Hapa hapa. Kwenye ramani yao hii ni ardhi."

"Ahaa! Basi shuka kwenye hiyo boti, mwanangu, uje kwa miguu tuongee."

Remy akatazama maji, masikio yakamwiva. "Usinitanie, Mjomba. Mimi nimeajiriwa tu."

"Nani anakutania? Hapa nilipita na viatu vyangu vya Jumapili nikienda kumposa bibi yako, akanikataa. Ilikuwa ardhi kweli. Waulize mabosi wako wameipeleka wapi."

Kaka, hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Walichimba mifereji yao, chumvi ikaingia, majani ya kinamasi yakafa, udongo ukakosa wa kuushika ukaondoka na mawimbi. Ardhi ikawa maji mikononi mwao. Sasa sheria inasema maji hayo bado ni yao, kwa sababu zamani yalikuwa ardhi! Yaani wamemuua mtu, kisha wamekuja msibani kudai urithi.

Mjomba hakubishana zaidi. Alifunga boti kwenye mnyororo, akauvuka, akaingia majini hadi kiunoni, ndoo ya chokaa kichwani. Nilimwita arudi, akajifanya hasikii. Remy aliita polisi, ndivyo alivyoagizwa. Wakaja wakamchukua mzee wa umri ule, suruali inachuruzika maji, kama mwizi wa kuku.

Walimwachia jioni, lakini Jumatatu alisimama mbele ya hakimu. Akaambiwa amekosea kukanyaga ardhi ya watu, na akirudia atalala ndani. Mjomba akauliza, "Mheshimiwa, kama ni ardhi, mbona nililowa?" Watu walicheka mpaka wakatishiwa kutolewa nje. Hakimu peke yake hakucheka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikwenda wote. Kila mwenye boti alitoa boti. Hata padri alikuja, maskini, akatapika njia nzima. Célestine alikaa mbele kabisa kwenye boti ya kwanza, na tulipofika kwenye mnyororo hakumsalimia hata mwanawe.

"Remy, fungua."

"Mama, watanifukuza kazi."

"Wakikufukuza utakula kwangu. Fungua, bibi yako hajapakwa chokaa."

Akafungua. Halafu akavua shati lile la kampuni, akaomba brashi, akatufuata. Kesho yake walimfukuza kweli, na sasa pale yuko mgeni asiyemjua yeyote, na kufuli jipya. Hatujakubali. Tunatafuta wakili, na wakati tunamtafuta tutaendelea kwenda.

Sasa nikwambie tulichokiona. Maji yamefika miguuni pa kaburi la Mama. Matofali ya upande ule yameachana, mkono unaingia. Baba, aliye upande wa juu, bado yuko pakavu. Padri anasema tumhamishe Mama mjini, penye mwinuko, kabla ya kimbunga kingine. Mjomba Ovide hataki kusikia. Anasema dada yake hatahamishwa kwa sababu ya wezi. Nilikaa pale na brashi yangu nikalia, Kaka, na hayakuwa machozi ya huzuni. Nilitamani kuvunja kitu.

Mimi naona tumhamishe, pamoja na Baba, wasitenganishwe. Lakini wewe ndiye mkubwa wetu, na padri hatagusa tofali bila neno lako. Neno hilo usilitume kwa simu. Njoo. Nataka tupite kwenye ule mnyororo wewe na mimi, tukawachukue wazazi wetu kwa mikono yetu, kabla hatujaambiwa kwamba nao ni mali ya kampuni.

Nisalimie wifi na watoto, Mathilde na Lucien. Shangazi Zulma anakusalimu, Célestine pia, na mjomba Ovide anasema uje na viatu vya mpira. Mungu akulinde barabarani, akufikishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Odile