Vichwa Mia Sita na Arobaini

Suna, Migori
12 Februari 1967

Kwa mwanangu mpenzi Pauline,

Nakusalimu katika jina la Bwana Yesu. Huku tu wazima, ila goti la baba yako linamsumbua kila mvua ikikaribia. Na wewe je? Kile kikohozi kilikwisha?

Mwanangu, kuna jambo sikukwambia siku ile unaondoka. Ulikuwa unacheka, sikutaka uache. Zile shilingi mia nne na themanini ulizompelekea Madamu Filister wa saluni huko Homa Bay, akufundishe kazi, tulizipata kwa kuuza ng'ombe wanne wa kaka yako Maroa. Ndio wale walioletwa dada yako Benta alipoolewa. Kwetu ng'ombe wa dada ni wa kumwolea kaka, wewe unajua. Baba yako alikataa siku tatu nzima. Nikamwambia, mtoto akishajua kazi ya nywele atawarudisha, na Desemba Maroa atapeleka mahari bila aibu. Nilisema hayo Maroa akiwa amekaa hapo hapo. Akaniuliza, "Mama, sasa mimi nitapeleka nywele ukweni?" Sote tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Kwa hiyo niambie kweli, usinifiche. Hiyo kazi inalipa vipi? Na zile mia tatu na ishirini za karo zilizobaki, madamu anazitaka lini?

Nakuombea asubuhi na jioni.

Mimi mama yako.


Homa Bay
5 Machi 1967

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Mpe baba pole ya goti.

Mama, habari ya ng'ombe imeninyima hamu ya kula. Mngeniuliza ningebaki nyumbani. Lakini nimeshafika, acha nikueleze.

Tunapasha kitana cha chuma kwenye jiko la makaa, tunapaka nywele mafuta, tunazichoma zinyooke. Juzi nilimgusa mke wa karani sikio, akaruka. Madamu akanipigia kelele mbele za watu, "Nyar Migori," yaani binti wa Migori, "wewe unachoma nywele au unachoma samaki?" Wakacheka, hata mimi nikacheka. Sasa mkono wangu umetulia. Mwenyewe amesema nina mkono mzuri.

Mteja analipa shilingi tatu. Mwanafunzi halipwi kitu miezi mitatu ya kwanza. Kuanzia Aprili nitapata senti hamsini kwa kila kichwa. Deni analikata humo humo, na cheti anakaa nacho mpaka limalizike. Bila cheti hakuna saluni itakayoniandika kazi, si hapa wala Kisumu. Wiki njema ina vichwa kumi na viwili, na chakula na kulala ni shilingi nne kwa wiki.

Mwanao, Pauline.


Suna, Migori
27 Machi 1967

Kwa mwanangu Pauline,

Neema ya Mungu iwe nawe. Sisi tu salama, mahindi yameota vizuri.

Nilikaa chini na punje za mahindi nikahesabu, maana hesabu ya kichwani mimi ilinishinda tangu misheni. Vichwa kumi na viwili ni shilingi sita. Chakula na kulala ulisema shilingi nne kwa wiki. Zinabaki mbili. Mia tatu na ishirini kwa mbili mbili ni wiki mia moja na sitini. Mwanangu, hiyo ni miaka mitatu! Hata ukikaa bila kula, ni vichwa mia sita na arobaini. Hapo ng'ombe hata mmoja hajarudi. Nilirudia mara mbili, nikidhani kuku amekula punje zangu.

Hapo Homa Bay kuna wanawake wangapi wenye nywele za kuchoma?

Pasta wetu alisema Jumapili kwamba mwanamke anayenyoosha nywele anamsahihisha Muumba. Niliinamisha kichwa. Kama ni dhambi, naomba ihesabiwe kwangu.

Ukiona ni bure, rudi. Mimi nitamkabili baba yako.

Mama yako anayekupenda.


Homa Bay
9 Julai 1967

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Nisamehe kwa kimya. Nilitaka nikuandikie nikiwa na habari njema, na nilikuwa nazo. Mwezi wa Mei wauguzi na wake za walimu walianza kuja, wakawa wananiita mimi kwa jina. Wiki moja nilifika vichwa ishirini na vitatu! Nilikuwa nimeweka shilingi kumi na tisa kwenye kopo, za ng'ombe.

Halafu mtumbwi wa watu wa soko ulizama ukitoka visiwani. Walikufa watu kumi na mmoja, wengi wa ukoo mmoja mkubwa wa hapa. Wajaluo wakifiwa hivyo wananyoa. Walinyoa wajane, wakanyoa mabinti, wakanyoa na wake za ndugu. Mama, wale ndio waliokuwa wateja wetu. Waliobaki na nywele wanaona haya kuzinyoosha jirani akiwa na upara wa msiba. Wiki iliyopita nilichoma vichwa viwili. Ninalia kwa ajili ya wafu, halafu najikuta nahesabu vichwa, na hapo najichukia.

Zile za kopo nimezila. Madamu naye ananiandikia chakula kwenye deni, pamoja na kile cha miezi mitatu ya kwanza. Limefika mia tatu na arobaini na saba.

Kurudi siwezi. Karatasi niliyotia sahihi inasema nikiondoka kabla ya cheti, bado nadaiwa yote.

Mwanao, Pauline.


Suna, Migori
14 Novemba 1967

Kwa mwanangu Pauline,

Nakusalimu, ingawa sijui nikusalimu kwa uso gani. Tu wazima.

Nimeanza barua hii mara nne. Wakwe wa Maroa walimtuma mtu. Kuna kijana mwingine ameleta ng'ombe kwa yule msichana, wakatupa wiki mbili. Maroa hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikuwa anakaa zizini, chakula changu hakigusi.

Basi akaja Matinde, yule mjane wa ng'ambo ya mto. Unajua hana mtoto wa kiume. Anataka kuoa msichana kwa desturi yetu ya mwanamke kuoa mwanamke, amzalie watoto wa kuishika nyumba yake. Alikutaja wewe. Alisema, "Yule binti wa mzee Gisiri ana adabu, na ana mikono ya kazi." Alileta ng'ombe kumi na wanne. Baba yako aliwapokea Jumatatu. Jumatano walikuwa wameshapelekwa ukweni kwa Maroa, wote. Hakuna hata mmoja wa kurudisha.

Mimi nilikuwepo, Pauline. Nilipika chai ya wageni. Sikukuuliza, na nilijua kwamba ningekuuliza ungekataa.

Pasta hawezi kuibariki ndoa ya namna hiyo. Ameniondoa kwenye meza ya Bwana. Sasa nakaa nyuma karibu na mlango, na ninaona ni haki. Matinde si mtu mbaya. Anangoja ufike mwisho wa mwezi.

Niandikie. Hata matusi niandikie.

Mama yako.


Homa Bay
21 Novemba 1967

Mama,

Nitafika Jumamosi.

Nilimwambia madamu naolewa. Nilidhani atanihurumia. Amesema deni haliolewi, linabaki mia tatu na themanini na mbili, na kama nahama basi nimwandikie jina la aliyetoa ng'ombe ili amdai yeye. Cheti atakaa nacho. Nimemwandikia jina la Matinde na la chifu wake.

Karani wa madamu anakuja huko wiki ijayo na karatasi ya deni. Matinde hajui kitu. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi nikishaingia kwake?

Pauline.