Magoti Yangu Mbele ya Mzee wa Japani

Alhamisi, Itetemia

Magoti haya yameniponza! Wiki nzima nimekariri kujitambulisha kwa Kijapani mbele ya kioo, hadi kuinamisha kichwa nikiwa nimekaa. Leo mchana usaili wa kazi ya kufundisha Kiingereza huko Japani ukaanza, na kwenye kompyuta akatokea mzee mwenye mvi kichwa kizima.

Mimi nimelelewa na Bibi. Mzee hasalimiwi umekaa. Kabla sijafikiri nikawa nimeshapiga magoti sakafuni, na mzee wa watu anatazama kiti kitupu.

Nilipochungulia, mzee naye alikuwa ameinama. Nikarudi chini haraka. Nikachungulia tena, bado ameinama! Sasa nani ainuke kwanza? Kijapani chote kikayeyuka, nikabaki na shikamoo tu.

Kumbe Bibi yuko mlangoni. Huyu ndiye ambaye tangu mwezi uliopita hataki hata kusikia kwamba naenda kuishi kwa watu asiowajua. Akamtazama yule mzee, akanitazama mimi chini ya meza.

"Huyo kalelewa," akasema. "Nenda, mjukuu wangu."

Basi ruhusa nimepata. Kazi ndiyo sijui.