Kwa Mke Mwenzangu Aliyezikwa Mabanga

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Wafula,

Mvua imenyesha siku tatu mfululizo huku Kitale, na mahindi yameota vizuri isipokuwa pale chini panapotuama maji. Nakuandikia kwa sababu tangu tukuzike sina mtu wa kumwambia mambo ya shamba. Binti yangu Nanjala hunipigia simu kila Jumapili, lakini yeye huuliza kama nimekula. Haulizi kama mahindi yameota.

Wewe ndiwe uliyenihadithia jinsi kijiji hiki kilivyoanza. Mlitoka Kabuchai familia kumi na mbili, mkapanda trela la trekta pamoja na kuku na vitanda, mkaja kwenye shamba la mzungu mlilolinunua kwa kuchanga. Mlilala katika zizi lake la ng'ombe mpaka mkajenga. Ulikuwa ukisema baridi ya hapa nusura iwarudishe kwenu.

Mimi nilifika baadaye, nyumba zimesimama na kanisa limeanza, nikiwa mke wa pili wa mume uliyefunga naye ndoa madhabahuni. Sikukulaumu kwa kutonikaribisha. Miaka tisa hukunisemesha. Ukitaka kitu kwangu ulimtuma mtoto. Mume wetu, Baba Wafula, alipanda mkonge katikati ya shamba, upande mmoja wako, mwingine wangu, tukawa tunapalilia tumepeana migongo. Ulikuwa ukiimba nyimbo za kanisani. Nilizijua zote, lakini sikuthubutu kukuitikia.

Kisha Baba Wafula akafa. Siku chache baada ya mazishi, mashemeji walikuja kutoka Kabuchai wakakaa kwenye viti vyako. Walisema sikuolewa kanisani, nina binti mmoja tu, basi nirudi kwa baba yangu. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwa shuka. Sikutarajia neno kutoka kwako. Ukasimama.

"Huyu haendi mahali," ukawaambia. "Hii shamba tumelima sisi wawili. Kama mnamtoa, mtutoe wote."

Walingoja uchoke ukae. Hukukaa mpaka walipoondoka. Ukabeba furushi langu ukalirudisha ndani ya nyumba yangu, bila kuniambia kitu. Kesho yake asubuhi nilikukuta ukiung'oa ule mkonge kuanzia juu. Nikachukua jembe langu nikaanzia chini. Jua lilipopanda ukaniuliza kama nina chai. Ninayo, nikasema, ila sukari imeisha. Ukanywa vivyo hivyo, ukaomba kikombe cha pili.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoiita maisha yangu. Tulipanda pamoja, tukavuna pamoja, tukaingia katika kile chama cha akina mama cha kulimiana: leo kwetu, kesho kwa Mama Njoki. Familia yake ilitoka upande wa Nyeri, naye alitufundisha kupanda viazi huku akicheka Kiswahili chetu, sisi tukicheka chake. Mligombana mara ngapi kwa ajili ya kuku wake waliokuwa wakifukua mbegu zako? Na alipougua, ni wewe uliyempalilia. Baadaye watu wakaanza kukata mashamba kuwa ploti. Mama Njoki akachukuliwa na mwanawe. Wengine tukawazika mmoja mmoja, tukabaki wewe na mimi tukikwenda shambani na majembe mawili.

Wafula alikuzika nyumbani kwake kupya, Mabanga, kwa kuwa kazi yake ya serikali iko Bungoma. Nilikuja na watu wa kijiji, wakanikalisha katika hema la majirani. Wasifu wako uliposomwa, walisema kwamba baada ya kufiwa ulilima shamba na kulea watoto peke yako. Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Kwenye kaburi la mtu huwezi kuanza kubishana.

Mwezi uliopita Wafula alikuja na mpimaji wa ardhi. Akaniuliza kwa heshima, "Mama mdogo, mpaka wa mama na wako uko wapi?"

"Hakuna," nikamwambia. "Mimi na mama yako tuliung'oa."

Nikamweleza yote, nimesimama pale pale: mashemeji, furushi, chai. Wakati ule alikuwa shule ya bweni. Akakaa chini kwenye udongo na suruali yake ya ofisini. Kisha akasema hukuwahi kumwambia. Nilimwamini. Aliniomba msamaha kwa yale yaliyosomwa, nami nikampa. Lakini mnunuzi wa upande wako alikuwa amekwisha kupatikana. Wakapima kwa haki, sehemu yangu nimeachiwa, hakuna aliyenifukuza. Upande wako sasa wanajenga nyumba za kupangisha. Mafundi ni watu wazuri, hunisalimu kila asubuhi.

Mama Wafula, ardhi siyo inayoniuma. Kinachoniuma ni ile wiki yako ya mwisho. Ulinishika mkono ukaanza kusema habari ya miaka ile tisa. Nikakukatiza. Nikakwambia upumzike kwanza, tutaongea ukipata nafuu. Nilijua unataka kusema nini, na nilikuwa nimengoja kulisikia neno hilo tangu nikiwa msichana. Ila niliogopa kwamba ukishalisema utakuwa umemaliza, utaondoka. Ukafunga mdomo kwa kunitii. Siku mbili baadaye ukaondoka vilevile, nalo neno ukaenda nalo.

Laiti ningekuacha useme, dada yangu. Ningekaa kando ya kitanda nikusikilize mpaka mwisho.

Nanjala anataka nihamie kwake. Nimemwambia anipe mpaka nivune. Wewe pumzika huko Mabanga.

Ni mimi mke mwenzako,
Mama Nanjala