Sauti ya Deon Kwenye Santuri

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, maana jambo hili nimelibeba tangu Pasaka na kila ninayemwambia ananijibu analotaka yeye. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, naishi Merebank, na ukiniona sokoni nachagua bamia huwezi kudhani kwamba ujanani nilipiga gitaa la besi kwenye bendi ya panki, ule muziki wa makelele na nywele zilizosimama kama misumari, lakini ndivyo ilivyokuwa, tulikuwa watatu, mimi, Clive Petersen kwenye gitaa, na Deon Lourens aliyepiga ngoma huku anaimba, yaani Mhindi, Chotara na Kaburu, na enzi zile za ubaguzi wa rangi hata kukutwa tumekaa chumba kimoja ilikuwa kesi.

Bendi sita za hapa Durban zilikusanywa kwenye santuri moja, kila bendi nyimbo mbili, na wimbo wetu wa kwanza akaimba Clive, wa pili akaimba Deon. Zilitengenezwa mia tatu tu, nyingi zikaharibika ghala lilipoingia maji, na leo kuna watu wa Ulaya wanaitafuta kama almasi. Yangu ni nzima haina hata mkwaruzo, kwa sababu niliificha ndani ya jalada la nyimbo za ibada za mama yangu, naye akijua ni bhajan zake za Kihindu.

Deon aliitwa jeshini kama vijana wote wa Kizungu wa wakati ule, akapelekwa mpakani Namibia, lori likapinduka, wakamrudisha kwenye jeneza. Nakala yake ya santuri baba yake, aliyekuwa sajini wa polisi, alishaivunja kwenye ukingo wa meza. Sasa baba naye amefariki, na mama yake, Mama Hester, yuko nyumba ya wazee kule Bluff, moyo wake si mzuri, akanitafuta mpaka akapata namba yangu kwa Clive. Aliniambia, “Mwanangu, picha zake ninazo, shati lake ninalo. Sauti yake sina hata neno moja. Nasikia unayo.”

Nikamwambia nitakuja. Sijaenda. Akipiga simu namwambia mashine ya kupigia santuri inatengenezwa.

Shida ni huo wimbo alioimba Deon, mshauri. Unamhusu baba yake, kwa jina na cheo, unaitwa “Sajini wa Jikoni”, anaimba kwamba mzee anakagua masufuria kama bunduki na kulipigia saluti friji, hapo sawa, lakini ubeti wa mwisho unasema mke wake ni kuruta asiyepanda cheo. Sauti pekee ya mwanawe iliyobaki duniani, na inamtukana. Clive anasema niache kusumbuka, kuna kampuni ya Ujerumani inataka kuitoa upya santuri nzima, kanda za studio zilipotea kwa hiyo wanahitaji nakala yangu, na kuhusu mama, yeye ataukata ule ubeti kwa kompyuta. “Tunampelekea iliyosafishwa,” anasema. “Atajuaje? Alie vizuri, tuendelee na mambo yetu.” Usiku nasema Clive ana akili, asubuhi naona tunataka kumwibia.

Na kuna kingine, nikikuficha nitakuwa nakupotezea wakati. Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye gereji yao sajini akiwa kazini. Siku moja Mama Hester alituletea chai, Deon akapewa kikombe cha udongo, mimi na Clive tukapewa vya bati, vile vya mtumishi. Sijui kama nachelewa kwa kumhurumia au kwa sababu ya kile kikombe. Nifanye nini?

Kogie, Merebank

*

Kogie dada yangu,

Pole. Kuzika rafiki angali kijana ni jambo zito, na naona bado hujalimaliza.

Sasa nisikilize. Wewe na Clive ni watu wazima wa umri wa kuwa na wajukuu, na mmekaa miezi mnaogopa wimbo mlioupiga wenyewe. Huyo mama aliishi na sajini ndani ya nyumba moja. Unadhani kuna kitu kwenye wimbo wenu asichokijua kuhusu jikoni kwake? Mnayemlinda si yeye. Mnajilinda ninyi msiuone uso wake akisikia.

Habari ya kukata ubeti ife leo. Mama ameomba mtoto wake, wewe unataka kumpa aliyepunguzwa, na ipo siku Wajerumani watautoa wimbo mzima, muuguzi fulani atamchezeshea kwenye simu yake, naye atajua kwamba mlimfanya mjinga akiwa na miaka zaidi ya themanini.

Kikombe cha bati una haki ya kukikumbuka. Ulidharauliwa na mtu aliyejua anachofanya. Lakini usimlipizie kwa kumnyima mwanawe. Ukitaka kumwambia habari ya kikombe, mwambie, ana masikio. Siku nyingine, si siku hiyo.

Fanya hivi. Mpigie muuguzi, uliza saa gani mama anakuwa na nguvu. Nenda na mashine yako, usitegemee yao. Kabla ya kuweka sindano, mwambie maneno yote ya wimbo kwa mdomo wako, ubeti wa mwisho pia, halafu muulize kama bado anataka. Akikataa, kunyweni chai, urudi nyumbani. Akikubali, kaa karibu naye na unyamaze. Clive akija, simu yake ibaki mfukoni, asimpige picha mama wa watu akilia. Na santuri isiende Ujerumani mpaka umuulize kuhusu jina la mumewe. Wakishindwa kusubiri, watafute nyingine, kama ipo.

Acha kusema mashine inatengenezwa. Inakuaibisha.

*

Majibu yalipotoka gazetini, Kogie alituandikia tena. Barua yake tunaiweka hapa kwa ruhusa yake.

Mshauri, nilikwenda Alhamisi, Clive akanibebea mashine. Nilimwambia Mama Hester maneno yote kama ulivyosema, nilipofika ule ubeti nikamtazama. Nikamuuliza kama bado anataka. Akaonyesha mashine kwa kidole.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono umeshika ukingo wa kitanda. Wimbo ulipoisha akaomba tena. Mara ya tatu alianza kutikisa mabega, nikadhani moyo, nikasimama kumwita muuguzi, kumbe anacheka.

“Hilo neno la kuruta ni langu,” akasema. “Nilimwambia tukiosha vyombo. Nikasema, Deon, mimi humu ndani ni kuruta nisiyepanda cheo. Akaendelea kufuta sahani, hata hakugeuka.” Akafuta macho kwa shuka. “Miaka yote hii nilidhani hakunisikia.”

Jina la sajini amesema libaki.